Zima kinyoosha mistari kwanza: somo la hina kwa anayeanza tatuu

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na wawili watatu wameshaniuliza imefikia wapi. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo naomba niiweke kando kidogo, maana kuna jambo limetokea hapa nyumbani lililonikera kuliko seva kufa saa nane za usiku, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Jambo lenyewe ni mistari. Mistari tu, ile ya kuchora kwa mkono.

Kisa ni hiki. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 21. Tangu yuko sekondari anatia hina, na siku hizi kukiwa na harusi Kibokoni au Kuze aghalabu utamkuta ameketi mkekani, mkono wa bibi arusi uko mapajani mwake, koni iko mkononi. Mwaka huu akaingiwa na hamu ya kujifunza tatuu. Mamake alipopata habari alisema neno moja: "Hina ni hina. Hilo jingine usinifanyie ndani ya nyumba hii." Wengi wetu hapa Mji wa Kale ni Waislamu, na tatuu ya kudumu wanazuoni wengi wanaikataza, kwa hivyo dada yangu hakusema la ajabu, wala mimi sikukaa hapa kuamua kesi hiyo. Binti ni mtu mzima, na wateja anaowalenga wako ng'ambo ya daraja, upande wa Nyali. Huko alipata fundi aliyekubali kumchukua kama mwanafunzi kwa sharti moja: aende akiwa tayari anaweza kuvuta mstari msafi, mengine atafunzwa hapo hapo.

Mstari msafi maana yake ni nini? Unene wake ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hauchezi kama nyoka. Pale ulipoanzia na pale ulipoishia hapana donge. Na ukikutana na mstari mwingine, viungo havionekani. Ni hayo tu, lakini nendeni mkajaribu kwenye karatasi sasa hivi kabla ya kuendelea kusoma. Vuteni mstari wa sentimita 15 bila rula. Mmeona?

Basi akanijia. "Mjomba, wewe si mtu wa kompyuta? Niandikie programu inipe maksi. Nichore mstari kwenye tableti, iniambie umenyooka kiasi gani."

Nani kati yetu waandishi wa programu angekataa ombi kama hilo? Nilikaa jioni mbili nikaimaliza. Programu inaonyesha mstari hafifu wa kufuata, wewe unapita juu yake kwa kalamu ya tableti, kisha inapima umbali wa kila nukta yako kutoka kwenye ule mstari na kukupa maksi juu ya 100. Kwa kuwa nukta ghafi zinazotoka kwenye kalamu ni mbaya sana kutazama, zina mikunjo mikunjo, nikaongeza kitu cha kuzilainisha. Ilikuwa mistari minne ya msimbo. Nilijiona fundi kweli.

Siku ya kwanza alipata 61. Baada ya wiki tatu za kujizoeza kila usiku alifika 94. Furaha ilikuwa kubwa kiasi kwamba rafiki yake mmoja alijitolea mkono, achorwe jahazi dogo, mistari mitupu bila kivuli, na siku ikapangwa: Jumamosi, dukani kwa yule fundi, chini ya macho yake. Alhamisi jioni mpwa wangu akaja kwangu na mashine yake na mabalungi mawili ili apashe mkono. (Wenzetu wa ng'ambo hujifunzia kwenye ngozi ya nguruwe. Ipitisheni hiyo Ndia Kuu mwone mtakavyotazamwa. Balungi linatosha, lina duara kama mkono wa mtu na ganda lake linaonyesha sindano ikizama mno.)

Jahazi lililotoka kwenye balungi lile lilikuwa kama limechorwa ndani ya matatu yenye haraka. Akajaribu la pili, likawa vile vile. Akaniangalia, mimi nikaangalia balungi, hakuna aliyesema kitu.

Usiku ule nilifungua msimbo wangu na kosa nikaliona ndani ya dakika kumi. Maksi zilikuwa zinahesabiwa kutoka kwenye nukta zilizokwisha lainishwa. Yaani mwanafunzi anaandika jibu, mwalimu analifuta na kuandika lake, kisha anasahihisha alichokiandika mwenyewe na kumpa mwanafunzi pongezi. Kwa bahati nilikuwa nimehifadhi nukta ghafi zote. Nikazipitisha upya bila kulainisha. Siku ya kwanza: 40. Siku ya mwisho, baada ya wiki tatu: 43. Binti alikuwa amekesha usiku ishirini na moja kwa ajili ya maksi tatu, kwa sababu yangu.

Ijumaa asubuhi nikamwambia ukweli. Akampigia rafiki yake simu kuahirisha, na yule fundi akamwambia arudi akiwa tayari, kwa sauti ya mtu ambaye hatasubiri sana.

Sasa hebu tuangalie kile kitu cha kulainisha, kwa sababu si changu peke yangu. Karibu kila programu ya kuchorea unayoijua inacho. Procreate wanaita StreamLine, nyingine wana majina yao, na mara nyingi kimewashwa tayari kwenye baadhi ya brashi kabla hujagusa kitu. Mimi hapa nitakiita kinyoosha mistari. Kilicho rahisi kabisa hufanya hivi: badala ya kuonyesha mahali kalamu ilipo sasa hivi, kinachukua nukta kadhaa za mwisho na kuonyesha wastani wake. Kwenye programu yangu tableti ilisoma kalamu mara 120 kwa sekunde, nami nikachukua wastani wa nukta 12. Nukta 12 kati ya 120 ni moja ya kumi ya sekunde.

Na hapa ndipo palipo na utamu wa hesabu. Mkono wa kila binadamu mzima wa afya hutetemeka kidogo, muda wote, kiasi cha mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Hata wewe unayesoma, hata daktari wa upasuaji. Mtetemo mmoja kamili, basi, huchukua karibu moja ya kumi ya sekunde, na ukichukua wastani wa mtetemo mzima, ule wa kupanda na ule wa kushuka vinafutana, unabaki na sufuri. Bila kujua nilikuwa nimechagua dirisha linalofuta kile kile ambacho mpwa wangu alikuwa anajaribu kukishinda. Nisingeweza kufanya vizuri zaidi kama ningekusudia kumharibia.

Madhara hayakuishia hapo. Wastani huo unachelewesha mstari, kwenye hesabu zangu karibu sehemu ya ishirini ya sekunde, na mkono hujifunza kuishi na ucheleweshaji: unapunguza kasi, unasubiri mstari ukufikie, unapita kona mapema kwa sababu unajua kona itakatwa. Hizo zote ni tabia, na zinaingia mwilini. Kwa hivyo baada ya wiki tatu hakubaki pale alipokuwa tu, aliongeza na tabia mbaya juu yake.

Najua kuna msomaji atasema, lakini mafundi wakubwa wa tatuu wote siku hizi wanachora kwenye tableti. Ni kweli, na sina ugomvi nao. Wanaitumia kubuni mchoro, wanaonyesha mteja, wanabadilisha, kisha wanatoa stensili na kuibandika kwenye ngozi. Stensili inakuonyesha pa kupita. Haipiti kwa niaba yako. Baada ya stensili bado kuna mkono, sindano na mtu anayepumua, na ngozi haina Ctrl+Z. Kinyoosha mistari ni chombo kizuri kwa mtu ambaye mkono wake tayari anaujua. Kwa anayeanza ni kioo kinachokuonyesha uso wa mtu mwingine.

Tatuu ina ugumu wake ambao mimi sikuuelewa mpaka nilipoandika namba. Mashine ya tatuu haichori mstari, inatoboa. Asili yake inawahusu wasomaji wa ukurasa huu: Thomas Edison alipata hataza ya kalamu ya umeme mwaka 1876, kalamu ya ofisini, iliyotoboa matundu kwenye karatasi kiasi cha mara 50 kwa sekunde ili karatasi ile iwe stensili ya kunakilia barua. Haikudumu sokoni. Miaka kumi na mitano baadaye, Desemba 1891, Samuel O'Reilly wa New York akapata hataza ya mashine ya tatuu iliyotokana na wazo lile lile. Kwa hiyo chombo kile ni mtoto wa mashine ya kunakilia. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu.

Tuseme mashine inapiga mara 100 kwa sekunde na kila tundu linaacha alama ya karibu milimita 0.3. Mkono ukienda milimita 20 kwa sekunde, matundu yanaachana milimita 0.2, yanashikana, unapata mstari. Ukienda milimita 50 kwa sekunde yanaachana nusu milimita na mstari unakuwa vitone vya nukta nukta. Kwa hivyo mashine inakuomba uende polepole. Lakini mtetemo wa mkono unakuomba kinyume chake! Ukienda milimita 10 kwa sekunde na mkono unatetemeka mara 10 kwa sekunde, unapata wimbi dogo kila milimita moja, na jicho linaliona mara moja. Ukienda 50, wimbi hilo linavutwa likawa na urefu wa milimita 5, limelala, halionekani sana. Ndiyo maana saini yako ya haraka imenyooka kuliko mstari uliouvuta kwa uangalifu wote. Anayeanza anaogopa, kwa kuogopa anakwenda polepole, kwa kwenda polepole anatetemeka, kwa kutetemeka anaogopa zaidi. Na akibaki sehemu moja muda mrefu sindano inaitafuna ngozi. Sindano inatakiwa ifike milimita moja hadi mbili tu ndani. Ikipita juu ya hapo wino unatoka na kovu la juu likikauka, ikizama mno wino unatapakaa chini ya ngozi kama wino wa kalamu kwenye tishu, na mstari wa milimita moja unakuwa doa la buluu. Hilo halirudi, labda kwa leza, kwa pesa nyingi na maumivu.

Kwa hivyo suluhisho si kasi peke yake. Inabidi uupunguze mtetemo kwenye chanzo chake, yaani mwilini, na hakuna programu itakayokufanyia hivyo.

Hapa nikakwama, na nikafanya nilichotakiwa kukifanya mwanzo. Jumapili nikamchukua mpwa wangu tukaenda kwa bibi aliyemfundisha hina, jirani yetu wa siku nyingi. Nikamweleza habari ya tableti. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwanafunzi wake.

"Mwanangu, uliacha sahani?"

Mpwa wangu akainamisha kichwa. "Niliacha, bibi."

Sahani ni hivi. Mafunzo ya bibi yule hayaanzi na hina, kwani hina ni pesa. Anakoroga unga kwa maji mpaka uwe mzito kama hina, anaujaza kwenye koni ya nailoni, na mwanafunzi anavuta mistari mgongoni mwa sahani. Sahani ikijaa inafutwa, anaanza tena. Mistari mirefu tu, ukingo hadi ukingo, kwa siku nyingi, hakuna ua hata moja. Kisha muundi wake mwenyewe, kwa hina ya kweli. Kisha watoto wa jirani usiku wa kuamkia Idi, ambao hawakai kimya na hawajali ukikosea. Kisha shangazi na makungwi wanaosindikiza harusi. Bibi arusi ni wa mwisho kabisa, na hata hapo unaanza na miguu.

Wenzangu wa msimbo mtakuwa mmeshaliona. Ni mazingira ya majaribio! Sahani inafutika kwa kitambaa. Hina ya muundi inakaa wiki moja hadi tatu, kwa hivyo kosa lako unatembea nalo muda wa kutosha ulikumbuke. Mtoto wa Idi, shangazi, bibi arusi: gharama ya kosa inapanda ngazi moja moja, na hakuna anayekupandisha kabla mkono wako haujakubali. Sisi tunaojiita wataalamu bado tunabishana kama tujaribu programu moja kwa moja kwa wateja siku ya Ijumaa. Mimi nilimchukua binti kutoka sahani nikamrusha hadi ngozi ya mtu kwa siku ishirini na moja, na katikati nikaweka kipimo kinachodanganya.

Lakini kuna jambo zaidi ya ngazi, na hili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Koni ya hina ni kipimo. Ukiiminya kwa nguvu ile ile, hina inatoka kwa kiasi kile kile kila sekunde. Kwa hivyo mkono ukienda haraka mstari unakuwa mwembamba, ukienda polepole unanenepa, ukisimama unaweka donge. Mstari wenyewe unakwambia kasi yako ilikuwa nini kila mahali, bila betri, bila skrini, na hauwezi kukudanganya kwa sababu hauna wastani ndani yake. Mwanafunzi akitazama sahani yake anasoma: hapa niliogopa, hapa nilivuta pumzi, hapa niliona kona nikaharakisha. Programu yangu ilirusha maksi moja juu ya 100, sahani inampa kumbukumbu nzima.

Nikamuuliza bibi: kama ni hivyo, mbona huyu anayetia hina vizuri alishindwa kwenye balungi? Aliomba koni, akamwambia binti avute mstari. Akavuta, mzuri kabisa. "Sasa shusha koni." Akashusha mpaka ncha ikagusa sahani. Mstari ukatetemeka pale pale.

Kumbe! Watiaji hina wengi huinua ncha kidogo juu ya ngozi, na hina inaanguka kama uzi. Uzi ule unaoning'inia unameza mtetemo mdogo kabla haujafika chini. Ni kinyoosha mistari cha asili, na mpwa wangu alikuwa akikitegemea miaka yote bila kujua. Bibi akasema wakati wao piko ilitiwa kwa kijiti chembamba, ncha ikigusa ngozi, na hapo hapakuwa na pa kujificha. Kisha akamkalisha upya. Kidole cha mwisho kiegemee sahani, ndicho nanga. Kifundo cha mkono kisicheze, mstari mrefu uvutwe kwa kiwiko na bega. Pumzi itolewe wakati wa kuvuta. Na jicho lisikae kwenye ncha: "Ncha unaijua iko wapi, umeishika. Angalia unakokwenda."

Mimi nikaongeza moja tu nililolisikia kwa mafundi wa tatuu, na bibi akalikubali: mkono uanze kutembea kabla ya kugusa, na uendelee kutembea baada ya kuinuka, kama ndege zinavyotua Moi kule Changamwe, haziporomoki wima. Donge la mwanzo wa mstari linatokana na kugusa kwanza ndipo ukaanza kusogea.

Nifungue mabano hapa kwa wale ambao tayari wanatafuta koni. Jizoezeni kwa unga, au kwa hina ya kweli, ile ya majani, inayoanza na rangi ya machungwa na kuiva kwa siku moja mbili. Msijizoeze kwa piko nyeusi inayokorogwa kutoka unga wa kupaka nywele rangi, na hasa msiwapake watoto. Ndani ya unga ule mara nyingi kuna kemikali iitwayo PPD. Ulaya na Marekani wanaikubali kwenye rangi ya nywele kwa masharti, kuipaka ngozini hawaruhusu, na sababu ipo: inaweza kutoa malengelenge na makovu yenye umbo la ua lile lile ulilochora, na mwili ukishaichukia utaichukia maisha, hata kwenye rangi ya nywele. Na mashine ya tatuu nayo ibaki kwenye matunda na ngozi bandia mpaka uwe mbele ya fundi mwenye vifaa vilivyotakaswa. Sindano iliyotumika ni njia ya homa ya ini na virusi vya UKIMWI, mkono uwe umenyooka usinyooke. Nafunga mabano.

Msimamo wangu sasa ni huu, na najua baadhi ya marafiki zangu wanaouza programu za kujifunza kuchora hawataupenda. Programu ya mafunzo inayomlainishia anayeanza, kisha ikampa nyota, inamdhulumu. Haijalishi kwamba anafurahi, wala kwamba anarudi kila usiku. Mpwa wangu alirudi usiku ishirini na moja mfululizo. Takwimu za matumizi ya programu yangu zingewapendeza wawekezaji. Kama unatengeneza kitu cha kumfunza mtu kazi ya mkono, mwonyeshe mkono wake ulivyo, hata kama skrini inakuwa mbaya. Ukitaka kuweka kinyoosha, kiwe kimezimwa mwanzoni, na maksi zihesabiwe kabla yake, kamwe si baada yake. Na kama wewe ndiye unayejifunza, fungua mipangilio ya brashi yako leo, tafuta kitu chochote chenye kulainisha au kutuliza, kiteremshe hadi sufuri, na uchore ule mstari wa sentimita 15. Usishtuke.

Rafiki mmoja alinipinga akasema wanafunzi watakata tamaa wakiona maksi 40. Labda. Lakini pale kwa bibi sijaona anayekata tamaa kwa sababu ya sahani. Wanakata tamaa kwa kuchoka, kwa kuolewa, kwa kupata kazi nyingine. Sahani mbaya haimtukani mtu. Nadhani kinachovunja moyo ni 94 inayogeuka 43 siku mbili kabla ya miadi, na hilo nimelishuhudia kwa macho yangu.

Programu nimeibadilisha. Maksi nimeziondoa kabisa. Sasa inachora mstari wako ghafi, na unene wake unabadilika kulingana na kasi ya mkono, kama hina: polepole unanenepa, haraka unakonda. Nilimpelekea bibi aione. Akavuta mstari mmoja kwa kalamu ya tableti, mara yake ya kwanza kuishika, akiwa amekaa kitandani na miwani yake. Ulikuwa wa unene mmoja kutoka upande hadi upande. Akaniuliza kama inafutika kwa kitambaa.

Mpwa wangu anachora kwenye sahani asubuhi na kwenye balungi jioni. Muuzaji wa matunda pale Marikiti sasa anamwekea yale yaliyoanza kulainika, kwa bei ya kutupa, na hajauliza ya nini. Juzi alinitumia picha ya la kumi na tatu. Jahazi lilikuwa na mistari tisa, nikaihesabu: mitano misafi, mitatu ina donge mwanzoni, na ule wa tanga, ambao ndio mrefu kuliko yote, bado unatetemeka pale katikati anapovuta pumzi. Yule fundi wa Nyali amempa mpaka mwisho wa mwezi.